Siku Elfu Bila Mtu Kuumia

Mkono wa kulia wa Verlin Tackett umebaki na kidole gumba na kidole cha mwisho. Vitatu vya katikati havipo. Kwa miezi saba, ukimwuliza vimekwenda wapi, na watu walimwuliza, hasa wale wanaoshinda duka la vifaa bila kununua hata msumari, alikwambia alikuwa anapasua kuni nyuma ya nyumba kwa ile mashine ya kupasulia magogo, gogo likateleza, mkono ukaingia. Aliisimulia vizuri. Alikwambia gogo lilikuwa la mti gani, mbwa alikuwa amelala wapi, na mkewe Nadine alipiga kelele gani kutoka dirishani. Aliisimulia mara nyingi mno, hata siku nyingine yeye mwenyewe alimwona yule mbwa.

Hakuna neno la kweli humo. Hata mbwa alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla.

Verlin ni mtu wa huku huku, Indiana kusini, kwenye mawe ya chokaa, ambako mtoto huzoea mshindo wa baruti kabla hajajua kutembea. Baba yake alichonga mawe mpaka akafa akikohoa, na kwenye cheti wakaandika ugonjwa wa moyo. Mama yake aliisoma ile karatasi mara moja, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia na hakuitaja tena. Verlin alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliapa kwamba yeye hatashika nyundo ya mawe, na kweli hakuishika. Alijifunza ufundi wa mitambo kwa mjomba wake, akaoa, akapata kazi machimbo ya nje ya mji wa Needham, na akakaa hapo miaka thelathini na moja akitengeneza matingatinga, malori na mashine za kusaga kokoto.

Alikuwa fundi, si mchezo. Aliweka kiganja juu ya mtambo unaonguruma, akafumba macho, kisha akakwambia beringi ipi inakufa na itakufa wiki gani. Kiganja hicho hicho cha kulia. Mengine yake yalikuwa ya kawaida: aliimba besi kanisani na kuharibu wimbo kila Jumapili, alikula maharage na mkate wa mahindi mchana bila kuchoka, na hakuazima spana wala kumwazima mtu. Aliyeruhusiwa kutia mkono kwenye sanduku lake la vifaa alikuwa mmoja tu, Odell Crabb.

Odell alikuwa fundi mwenzake kwa miaka ishirini na mbili. Mfupi, mwenye maneno, na alikuwa na mwandiko ambao usingeutarajia kwenye vidole vilivyojaa grisi: herufi kubwa, zilizonyooka, kila moja imesimama kwa miguu yake. Kwa hiyo karakana nzima ilimpa kazi ya kuandika. Kila kopo na kila droo ilikuwa na mwandiko wa Odell. Hata nyumbani, kila Novemba wakichinja kulungu, yeye ndiye aliyeandika juu ya vifurushi vya nyama kabla havijaingia kwenye friza.

Na Odell ndiye aliyebadilisha namba za bango.

Bango lile lilikuwa langoni, jeupe, na maandishi ya kijani: SIKU KADHAA BILA MTU KUUMIA KAZINI, na mahali pa hiyo kadhaa palikuwa na ndoano za kutundikia namba, kama zile za namba za nyimbo ukutani kanisani. Kila asubuhi Odell aliwahi kuliko wote, akapanda kingazi, akaongeza moja. Kampuni ilikuwa imeahidi: bango likifika elfu moja, kila mtu atapewa koti, na machimbo yatafungwa wiki nzima ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa bunduki, wiki ya kulungu, na mshahara utaingia kama kawaida.

Mtu wa mbali atacheka. Wiki ya kulungu! Lakini huku kwetu mtu anaweza kusahau siku aliyooa, asisahau Jumamosi ya kufunguliwa kwa msimu. Na kwa miaka yote hiyo watu arobaini wa machimbo yale walikuwa wanaipata Jumamosi yenyewe, wakibahatika na Jumapili, kisha Jumatatu alfajiri wanarudi kwenye vumbi huku wenye maduka na walimu wamejaa msituni. Aliyebuni ahadi ile aliwajua watu wake. Namchukia mtu huyo, na sijui hata jina lake.

Bango liliwahi kufika mia nne na kumi kabla ya hapo. Ndipo Lonnie Speer, dereva wa lori, alipoangukiwa na jiwe, akavunjika kidole cha mguu, akaenda ofisini kusema. Kesho yake Odell akatundika sifuri. Hakuna aliyempiga Lonnie, hakuna hata aliyemtukana. Waliacha tu kula naye. Alipokuja kukaa mezani saa ya chakula, mmoja mmoja walichukua makopo yao ya chakula wakahamia meza nyingine, na wa tatu kuhama alikuwa Verlin Tackett. Lonnie alivumilia majira ya baridi yote, kisha akaacha kazi. Kila mtu akasema alikuwa mvivu toka zamani.

Basi ilikuwa Oktoba, siku ya mia tisa sitini na moja.

"Zimebaki thelathini na tisa, Verl," Odell alisema akiingia karakana, akijipangusa mikono kwenye suruali. "Kulungu wameanza kuandika wosia."

"Wewe ukilenga wanakaa chini wakucheke. Mwaka juzi ulipiga mti."

"Ule mti ulikuwa na pembe, bwana."

"Nenda ukalete grisi, mwindaji."

Kazi ya asubuhi ile ilikuwa tingatinga la kupakia mawe, lile waliloliita Namba Saba. Pini moja ya chini ya mikono yake ilikuwa imelika, na ili kuifikia lazima unyanyue mikono hiyo ya chuma na ndoo yake ya kuchotea mawe juu kabisa, kisha uingie chini yake. Tingatinga kama hilo hutoka kiwandani na nguzo ya chuma ya kuegemeza mikono isishuke. Nguzo ya Namba Saba ilikuwa imepotea miaka, labda iliuzwa na vyuma chakavu, labda iko chini ya kifusi. Waliegemeza kwa kipande cha mwaloni kilichong'olewa kwenye reli ya zamani. Na mikono yenyewe ilikuwa inashuka; vali ilikuwa inavuja, ukiipandisha saa mbili, saa tatu imeshateremka kiganja kizima.

Kila mtu alijua. Hakuna aliyeandika. Lilikuwepo daftari la ubovu, lakini ubovu ukiandikwa lazima utengenezwe, na tingatinga likiwa karakana halipakii mawe, na Russ Kimmel, meneja, alipenda daftari lake liwe safi. Mafundi nao walijivunia kwamba wao wanaweza kufanya kazi na mashine mbovu ambayo fundi wa mjini angeikimbia. Sifa ya kijinga hiyo, lakini ndiyo iliyokuwa sifa yetu.

Verlin alifuata kanuni. Alizima injini, akafunga swichi kwa kufuli lake jekundu lenye jina lake, akatia ufunguo mfukoni. Kufuli humzuia mtu asiwashe injini. Uzito hauhitaji kuwashwa. Aliingia chini, akaanza kuigonga pini, mkono wa kulia umeshika juu kwa kujiegemeza. Gogo la mwaloni lilifinywa, likalia mara moja, likaruka. Mikono ilishuka kama shibri mbili tu, kisha ikakwama kwenye pini ile ile iliyolika. Shibri mbili zilitosha.

Hakupiga kelele. Alisema, "Odell, njoo uniwashie hii mashine," kwa sauti ya kawaida kabisa, na Odell alijua kwa sauti ile ile. Ilibidi atoe ufunguo kwenye mfuko wa Verlin, afungue kufuli, awashe injini na kuinyanyua mikono, na muda wote huo Verlin alikuwa anamwelekeza ni kishikio kipi, kana kwamba Odell alikuwa hajawahi kuiona.

Hospitali ilikuwa dakika ishirini na tano kwa pikapu ya Odell. Mkono ulikuwa umefungwa kwa fulana, na fulana ilikuwa imeloa. Walipita lango, wakapita bango. Kisha Odell akasema:

"Verl. Nisikilize, halafu usinitukane."

"Nitakutukana."

"Nitukane, lakini sikiliza. Ukisema ni Namba Saba, lile bango linarudi sifuri leo hii. Watu arobaini, kaka. Garrett wa kwenye mashine ya kusaga, baba yake ana kansa, Novemba hii ndiyo ya mwisho kwake, anasubiri hiyo wiki aende naye msituni. Siku thelathini na tisa zimebaki. Thelathini na tisa!"

"Huu ni mkono wangu, Odell."

"Najua ni mkono wako. Mkono umeshaumia. Useme umeumia hapa, useme umeumia pale, vidole havitarudi."

Verlin aliangalia dirishani. Walikuwa wanapita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Baadaye alipenda kufikiri kwamba ni maumivu yaliyomfanya akubali, au damu aliyopoteza. Haikuwa hivyo. Alikuwa anamwona Lonnie Speer peke yake kwenye ile meza ndefu, anatafuna polepole kama mtu anayetahiniwa.

"Niseme nini basi?" akauliza.

"Kuni," Odell akasema haraka. Alikuwa ameshalitafuta jibu. "Ulikuwa nyumbani unapasua kuni."

Pale hospitali walimpa fomu. Mkono wa kuandikia ndio uliokuwa kwenye fulana, kwa hiyo Odell alichukua kalamu, akaketi pembeni yake, akaandika. Umeumia wapi? NYUMBANI. Ulikuwa unafanya nini? KUPASUA KUNI KWA MASHINE. Kuna mtu mwingine anayehusika? HAKUNA. Aliandika kwa utulivu, ncha ya ulimi imetokeza, kila herufi imesimama kwa miguu yake. Verlin akatia sahihi kwa kushoto, mkwaruzo tu, kana kwamba kuku amekanyaga karatasi. Kisha wakamwita ndani, na alipozinduka vidole vilikuwa vimeshaondolewa.

Nadine alifika akiwa bado amevaa aproni ya kupikia. Alisoma ile fomu akiwa amesimama. Mashine yao ya kupasulia magogo ilikuwa imekaa bandani tangu Machi bila mafuta, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Kuni," akasema.

"Nadine, acha."

"Miaka thelathini na moja umewapa, sasa unawapa na vidole, halafu unawaandikia na risiti kwamba hawakuvichukua!"

"Nimesema acha."

Aliacha. Nadine akiacha jambo, haliachi, analiweka mahali. Siku ya pili Russ Kimmel akaja na boksi la donati. Kimmel hakuwa mtu mbaya wa sura: alikuwa na tabasamu, alikuwa anajua majina ya wake za watu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Nimesikia kuni zimekuonea, Verlin."

Verlin alimtazama. Hakuulizwa swali. Hilo ndilo lililomkera maisha yake yote yaliyofuata: Kimmel hakuuliza hata mara moja.

"Na nimeona kwenye karatasi," Kimmel akaendelea, "kwamba asubuhi ile uliomba ruhusa ukaondoka mapema. Ipo pale, imeshaandikwa. Usiwe na wasiwasi kabisa."

"Asante, bosi," Verlin alisema. Alishukuru! Mtu amelala hana vidole, na anasema asante.

Mengine yalikwenda yenyewe. Fundi wa vidole viwili hashiki spana, na aliyejiumiza nyumbani kwake hana anachodai. Walimpa mkono wa kwaheri, wa kushoto. Bango likafika elfu moja katikati ya Novemba. Wakachoma nyama uwanjani, wakagawa makoti ya kijani yenye maandishi mgongoni: SIKU 1000, TUMELINDANA. Verlin naye alipelekewa lake nyumbani, kwa kuwa siku mia tisa na kitu zilikuwa zake pia. Lilimtosha vizuri. Alilivaa, maana lilikuwa koti zuri na baridi ilikuwa imeanza. Hata mimi ningelivaa.

Wiki ya kulungu, mji wote wa Needham ulinuka baruti na mafuta ya bunduki. Garrett alikwenda na baba yake, na mzee akapiga dume la pembe kumi, na picha yao ikawekwa ukutani dukani. Verlin alisikiliza milio akiwa barazani. Jumapili, baada ya ibada, Odell alikuja na boksi.

"Nusu yako," akasema. "Nilimpiga kwa niaba yako. Alisimama vizuri, ilibidi nimwombe radhi."

"Hukupiga mti?"

"Mti nao nimeupiga, ila kwa bahati mbaya."

Walicheka. Odell akaondoka. Verlin akafungua boksi. Vifurushi vyote vilikuwa kwenye karatasi nyeupe, na juu ya kila kimoja ule mwandiko ulionyooka: VERLIN. IMESAGWA. HAIHITAJI KISU. Odell alikuwa amesaga nusu yote ya kulungu yule, paja, bega na hata minofu ya mgongo ambayo mtu mwenye akili hasagi, ili rafiki yake asihangaike kukata mezani mbele ya mkewe. Verlin aliingia bandani akafunga mlango, akalia. Alilia kwa hasira. Alimpenda Odell, na alitamani kumnyonga, na hakuweza kuamua lipi lianze.

Namba Saba haikutengenezwa. Ingetengenezwa kwa sababu gani? Haikuwa imemwumiza mtu.

"Bosi ametuletea gogo jipya," Odell alimwambia Verlin mwezi wa pili. "Zito hilo, la mwaloni mbichi."

"Na vali?"

"Vali ni ile ile. Inashuka, lakini mimi niko macho."

"Odell, usiingie chini ya ile mashine."

"Nisipoingia mimi aingie nani? Wewe umekwenda kupasua kuni."

Ulikuwa utani, na Verlin aliuchukua kama utani. Angeweza kupanda gari siku ile akaenda kwa wakaguzi wa serikali akawaambia mkono wake uliumia wapi. Alilifikiria kwa siku mbili. Lakini sasa angelazimika kusema pia kwamba alidanganya, na watu arobaini walikuwa wameshavaa makoti.

Aprili kumi na tano bango lilisoma 1153. Odell mwenyewe aliitundika ile tatu alfajiri. Saa tano alikuwa chini ya mikono ya Namba Saba. Safari hii haikukwamia kwenye pini. Pini ilikuwa mpya, Odell mwenyewe alikuwa ameiweka. Walipomtoa, kufuli lake lilikuwa kwenye swichi na ufunguo ulikuwa mfukoni.

Walimzika kukiwa na manyunyu na baridi, na kwa sababu ya baridi wote sita waliobeba jeneza walivaa makoti yao. SIKU 1000, TUMELINDANA, migongo sita inakwenda kaburini. Verlin pia alikuja na lake. Katikati ya maombi akalivua, akalikunja, akalikalia. Nadine akamtazama.

Baada ya wiki kampuni ilitoa maelezo yake. Fundi alikaidi kanuni. Tingatinga lina nguzo yake ya chuma ya usalama, fundi hakuitumia. Na kweli wakaguzi walipofika waliikuta nguzo, imepakwa rangi ya manjano mbichi, imeegemezwa ukutani. Tingatinga lenyewe halikuwahi kumgusa mtu, siku elfu moja na mia moja hamsini na tatu. Uzembe wa marehemu.

Twyla, mjane wa Odell, ni mpishi wa shule, mwanamke mrefu asiyejua kuzungusha maneno. Alikuja kwa Verlin saa kumi jioni, akakataa kuketi.

"Shemeji, wameandika Odell mzembe. Mwanaume aliyekuwa anafunga mkanda wa gari kwenda kwenye sanduku la barua. Watu wanaisoma ile, wanaamini. Mchungaji ameisoma. Wewe umefanya kazi naye miaka ishirini na mbili. Niambie ile nguzo ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Na ile mashine ilikuwa salama?"

Verlin aliutia mkono wa kulia mfukoni. Ndipo Nadine, aliyekuwa jikoni, akatoka na kitambaa mkononi. Kumbe lile aliloliweka lilikuwa hapo hapo karibu.

"Mwonyeshe mkono, Verl," akasema. "Mwonyeshe kuni zako."

Verlin akamwambia Twyla. Alimwambia gogo, vali, shibri mbili. Alimwambia kwamba alidanganya kwa ajili ya bango. Jambo moja tu hakumwambia: nani aliyelitafuta neno kuni, na nani aliyeshika kalamu. Odell hakuwahi kumwambia mkewe, na Verlin alifikiri halina umuhimu. Twyla alilia, akamshika ule mkono mbovu kwa mikono yake miwili.

"Utawaambia hivyo hivyo?"

"Nitawaambia."

Kikao cha wakaguzi kilikuwa katika ukumbi wa zimamoto. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani. Kimmel alikaa pembeni na wakili wa kampuni. Nyuma walikaa watu wa machimbo, na Verlin alipopita katikati yao hakuna aliyemsalimu. Alisimama akasema yote. Alisema vizuri zaidi kuliko alivyowahi kusimulia kuni. Twyla alikuwa mstari wa mbele, ameinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wakili akasimama na karatasi.

"Bwana Tackett, hii ni fomu ya hospitali. Inasema ulikuwa nyumbani. Uliandika uongo?"

"Ni uongo, ndiyo."

"Uliuandika wewe? Kwa mkono upi?"

Verlin aliushika mkono mbovu kwa ule mzima.

"Sahihi naona ni ya kushoto. Lakini hizi herufi ni safi sana. Nani aliandika?"

Verlin aliona mtego ulivyokaa, aliuona wote, kama alivyokuwa akizisikia beringi zamani. Akisema hajui, ataonekana mwongo wa mara ya pili, na ile nguzo ya manjano itabaki kuwa kweli. Akisema jina, basi. Alimtazama Twyla. Twyla hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anaitazama karatasi mkononi mwa wakili, hatua tatu tu mbele yake, herufi kubwa, zilizonyooka. Ana friza nzima ya herufi hizo nyumbani.

"Odell," akasema Verlin.

"Kwa hiyo Odell Crabb," wakili akasema polepole, karibu kwa huruma, "aliiona mikono ya tingatinga lile ikishuka juu ya mkono wako. Alijua kuliko mtu yeyote. Na akaingia chini yake."

Taarifa ya mwisho ilisomwa baada ya mwezi. Nguzo haikuwepo, waliandika, na kampuni ilikemewa kwa hilo. Lakini marehemu, waliandika, aliijua hatari kwa macho yake, aliificha kwa mkono wake, na akaingia kwa hiari yake. Neno mzembe liliondolewa, likaja hilo refu zaidi. Bango lilipelekwa sifuri na mtu mwingine, na vali ya Namba Saba ilibadilishwa kwa saa mbili.

Twyla alikuja tena mara moja. Hakupanda ngazi za baraza. Alikuwa na nakala ya ile fomu, imekunjwa mara nne.

"Nina neno moja tu, halafu sitakusumbua tena. Wakati anaandika hii," akasema, "mkono wake ulikuwa unatetemeka?"

Verlin aliukumbuka ule mkono. Aliikumbuka ncha ya ulimi, na kalamu iliyokwenda taratibu, bila papara, vile vile ilivyokwenda juu ya vifurushi vya nyama. Twyla alikuwa na karatasi. Kama angetaka kuona, angeona.

"Ulitetemeka, shemeji," akasema. "Karibu ashindwe kuandika."

Twyla akatikisa kichwa kukubali, akaiweka karatasi mfukoni, akaenda zake kwenye gari. Ulikuwa uongo wa mwisho wa Verlin Tackett kuhusu machimbo yale, na ndio pekee ambao hakupewa koti kwa ajili yake.